Ua la Usambara lilivyotoka Tanga bila kuaga

Najua nimekuwa kimya sana, lakini si mnajua mwezi wa asaimenti ulivyo, watu tunahamia maktaba kabisa. Leo sina habari za kafteria wala za foleni ya fotokopi. Leo nawaletea historia, tena historia ya UA. Msicheke kwanza. Someni mpaka mwisho halafu ndo mcheke.

Mnaonifahamu mnajua mimi ni wa Ualimu, Historia na Jiografia, na kwetu ni Tanga (ndiyo, waja leo waondoka leo, mshanitania vya kutosha). Maua si fani yangu. Ila mwenzangu wa chumbani anasoma Ualimu wa Baiolojia, na dirisha letu kalijaza makopo. Katika makopo hayo kuna mmea mmoja mdogo, majani kama mahameli, mashina yake yametambaa mpaka yananing'inia nje ya kopo, na maua ya rangi ya zambarau ya bluu yenye kijicho cha njano katikati. Siku aliponiambia kwamba asili ya mmea ule ni milima ya kwetu, nikaanza kusoma. Nimesoma mpaka nimepitiliza, na sasa nanyi lazima mjue.

Waingereza na Wamarekani wanaliita African Violet. Wajerumani wanaliita Usambaraveilchen, na Warusi nao kwenye jina lao wametia Usambara. Ni moja ya maua ya ndani ya nyumba yanayojulikana zaidi duniani. Nenda Berlin, Moscow au Los Angeles, utalikuta dirishani kwa bibi yeyote mpenda maua. Sasa muulize mtu wa pale Mlimani City kama analijua. Atakuuliza, "Usambara si kule kwenye kabichi na plamu?" Hapo ndipo shida yangu inapoanza.

Turudi nyuma kidogo ili tuelewane. Desemba 1889 Wajerumani walimnyonga Bushiri bin Salim kule Pangani, na vita vya pwani vikawa vimevunjwa nguvu. Mwaka 1891 serikali ya Ujerumani ilishika rasmi nchi kutoka mikononi mwa kampuni yao, na mwaka huohuo kampuni ile ikaanza shamba la kahawa Derema, juu kwenye Usambara ya Mashariki. Kuanza shamba la kahawa pale maana yake ni kufyeka msitu. Kwa hiyo ua letu linaingia kwenye maandishi ya Wazungu wakati uleule shoka linaingia msituni. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Mkuu wa wilaya wa Kijerumani pale Tanga alikuwa baroni mmoja, yaani mtu wa ukoo wa kikabaila, jina lake Walter von Saint Paul-Illaire, aliyezaliwa 1860. Alipenda mimea. Mwaka 1892 hivi alipeleka kwa baba yake Ujerumani mmea mdogo aliouona kwenye wilaya yake. Maelezo yake yamehifadhiwa, na kwa mtu wa Tanga yanasisimua. Alisema ameuona sehemu mbili. Ya kwanza ni mwendo wa saa moja tu kutoka mjini Tanga, penye miti, kwenye nyufa za mawe ya chokaa, mahali palipo kati ya mita 15 na 45 tu juu ya usawa wa bahari. Mawe ya chokaa jirani na Tanga mnayajua, ni jamii ya yale ya Mapango ya Amboni mliyokwenda kutalii mkiwa primari. Sehemu ya pili ni ndani ya msitu mkubwa wa Usambara, kwenye kivuli, juu ya miamba ya mlimani, kama mita 760 kwenda juu. Na akasema kule karibu na Tanga ndiko lilikokuwa jingi zaidi.

Lakini yeye hakuwa Mzungu wa kwanza kulichuma. John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, alishapeleka sampuli kwenye bustani ya Kew, London, mwaka 1884. Mwaka 1887 akapeleka mwingine, mchungaji W. E. Taylor wa Mombasa. Watu wa Kiswahili hapo mmeshtuka, eti? Ndiyo, ni Taylor yuleyule aliyekusanya methali za Waswahili na mashairi ya Muyaka! Kumbe akitoka kwenye mashairi alikuwa anakusanya na majani. Ila sampuli zao hazikutosha kwa wataalamu wa Kew kuandika maelezo kamili, zikakaa kabatini.

Sasa sikilizeni jambo lililonikaa rohoni. Taylor alikijua Kiswahili kuliko Waswahili wengine. Na baroni naye hakuwa bubu: mwaka 1890 alichapisha kitabu cha kujifunzia Kiswahili, Suaheli-Handbuch, kwa ajili ya Wajerumani waliokuwa wanakuja huku. Yaani watu wawili walioweza kukaa barazani na kumwuliza mzee wa Kisambaa au wa Kidigo, "Hili mnaliitaje? Linatumika kwa nini?" Hatuwezi kusema kikwazo kilikuwa lugha. Hata hivyo jina la kisayansi lililokwenda duniani halina hata silabi moja ya Kisambaa.

Jina lenyewe lilipatikana hivi. Baba mtu alikuwa na bustani yake Fischbach, Silesia, sehemu ambayo leo iko Poland. Akampa mmea Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen, Hannover. Wendland akaona haufanani na kitu chochote kilichokwisha kuandikwa, na mwaka 1893 akautangaza kwa jina la Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni la kumheshimu baroni na baba yake. La pili ni la Kigiriki, maana yake ni ua linalofanana na violeti ya Ulaya (na wala si ndugu, ni kufanana sura tu). Mwaka huohuo likaonyeshwa kwenye maonyesho ya kimataifa ya bustani mjini Ghent, Ubelgiji, na kampuni ya mbegu ya Ernst Benary ya Erfurt ikaanza kulieneza. Mwaka mmoja tu! Msituni, kwa baba, kwa profesa, kwenye maonyesho, dukani.

Hebu tubaki kwenye mwaka 1893 kidogo, maana kwa Tanga ulikuwa mwaka wa ajabu. Ndio mwaka Wajerumani walipoanza kujenga reli kutoka Tanga kwenda Muheza. Ndio pia mwaka Dk. Richard Hindorf alipoleta KATANI. Hii mnaijua wote, tuliikariri: aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, na vilivyobaki hai ni 62. Kutoka kwenye hivyo 62 yakatokea mashamba yote yale mnayoyapita mkienda Tanga, na katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, ya kwanza duniani. Asili ya mmea wenyewe ni Mexico.

Kwa hiyo katika mwaka mmoja, mji mmoja: mmea wa Mexico umeingia, mmea wa Usambara umetoka. Na kwenye mada ya uchumi wa kikoloni sote tumejibu swali la katani. Hindorf tunamjua, Florida tunaijua, 62 tunaijua. Je, nani amewahi kuulizwa swali kuhusu kilichotoka? Historia tunayofundishwa ni kama daftari la bandari lenye ukurasa wa mizigo inayoingia tu.

Najua kuna atakayesema, "Acha kulalamika, na nyie Tanga mmekula katani ya wenzenu." Ni kweli kabisa, na silikatai hilo. Mimi mwenyewe nimesomeshwa na fedha za katani, babu yangu alikuwa mkata mkonge. Watu na mimea wamehama tangu zamani. Mihogo na mahindi pia si vya kwetu kwa asili. Sisemi ua lingebaki limefungiwa msituni. Ninachosema ni kwamba mtu akichukua mbegu kwako, angalau jina lako libaki kwenye hesabu, na mahali alipochukua pasiachwe paungue.

Haya, tufuate safari yake. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni moja ya Los Angeles, Armacost & Royston, iliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza. Walikuza miche mingi wakachagua kumi bora, na moja wakaliita Blue Boy. Hilo Blue Boy lilikuwa na tabia ya kugeuka lenyewe: mara litoe maua yenye petali nyingi kama waridi, mara litoe rangi nyingine. Wakuzaji wakachanganyikiwa kwa furaha. Mwaka 1946 wapenzi wa ua hili Marekani wakaunda chama chao cha taifa, na chama kipo mpaka leo. Taa za tyubu zilipoingia majumbani ndiyo kabisa, mtu akaweza kulikuza hata chumba kisicho na dirisha. Mwaka 1984 mbegu zake zilipandishwa hadi angani kwenye chombo cha utafiti cha NASA, zikarudishwa duniani 1990. Jamani, ua la Muheza limeona anga za juu na mimi Mbeya sijafika!

Hilo la wote linakaa duara, majani yamepangana kama sahani. Lakini lile lililonivuta mimi ni lile linalotambaa, ambalo ni adimu zaidi kwa wauzaji, na historia yake inatupeleka juu zaidi, Amani.

Amani iko kama mita 900 juu ya bahari, mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha pale taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo, yenye bustani kubwa ya majaribio iliyosifika dunia nzima. Miongoni mwa waliokusanya mimea pale alikuwapo Mjerumani aliyeitwa Grote. Katika mimea aliyokusanya kulikuwa na ndugu wa lile ua la baroni, ila hili halikai duara. Shina lake linarefuka, linatambaa juu ya mwamba, linatoa mizizi njiani, na likifika ukingoni linaning'inia. Mwaka 1921 Adolf Engler wa Berlin akaliita Saintpaulia grotei. Mwaka 1950 mtaalamu mwingine akatangaza mengine mawili kutoka milima ileile, akayapa majina ya mahali: amaniensis, yaani la Amani, na magungensis, yaani la Magunga. Mengine yakafuata: shumensis la Shume, teitensis la Taita kule Kenya.

Wakuzaji wa Marekani walipoyachanganya haya yanayotambaa na yale ya duara, wakapata maua ya kuning'iniza kwenye vikapu, aina nyingi sana. Wameyawekea mpaka sheria za mashindano: ili lihesabiwe kuwa ni linalotambaa, chungu kiwe na angalau vichwa vitatu vya majani kwenye mmea mmoja.

Sasa kuhusu majina, hii ndiyo inachekesha na kuuma. Kwenye sayansi ya mimea jina lililotangazwa kwanza ndilo linalotawala. Wataalamu walipochunguza upya miaka ya 2000, wakaona la Amani, la Magunga na la Grote ni mmea mmoja. Lipi libaki? La 1921 limetangulia la 1950. Kwa hiyo Amani imefutika, Magunga imefutika, Grote kabaki. Halafu wataalamu wa vinasaba wakaonyesha kwamba hata jenasi nzima ya Saintpaulia imo ndani ya jenasi nyingine kubwa, Streptocarpus, na kufikia 2015 yote yakahamishiwa huko. Leo jina rasmi la ua linalotambaa ni Streptocarpus ionanthus nususpishi grotei. Baroni naye kapoteza nafasi yake! Amebakizwa kwenye jina la kundi dogo ndani ya jenasi, na kwenye vibao vya maduka ya maua. Dunia mzunguko.

Kwa wale mtakaotaka kulikuza (najua mpo, hasa Hall za kinadada), hapa nimemhoji mwenzangu kwa kirefu. Nilichogundua ni kwamba kila sheria ya kulitunza ni habari ya msitu ule, ila imeandikwa kwa lugha ya chungu.

Kwanza mwanga. Linataka mwanga mwingi lakini si jua la moja kwa moja. Kwa nini? Kwa sababu kwao liko chini ya miti mirefu, jua linafika limeshachujwa. Jua la saa sita la Dar likilipiga, majani yanaungua siku hiyohiyo. Dirisha lenye pazia jepesi linafaa. Ukitumia taa, liwashie saa 12 hivi kisha lipate giza, nalo linalala.

Pili maji. Watu wengi wanaliua kwa maji, wanadhani kwa kuwa linatoka kwenye mvua nyingi basi linataka kuloweshwa. Angalieni linapoishi: kwenye ufa wa mwamba. Mvua inanyesha, maji yanateremka, yanabaki unyevu tu. Kwa hiyo udongo uwe mwepesi wa kupitisha maji, mboji ichanganywe na mchanga mkavu au vipande vya mkaa, na kopo litobolewe chini. Usilimwagie majani, hasa maji ya baridi, yanaacha madoa. Weka kopo kwenye sahani ya maji nusu saa, linywe kwa chini, kisha mwaga yanayobaki. Mwenzangu anatumia ujanja wa utambi: uzi wa nailoni umepita kwenye tundu la kopo, ncha moja kwenye udongo, nyingine kwenye chupa ya maji chini. Akienda likizo fupi analikuta zima.

Tatu joto. Linapenda nyuzi 18 hadi 26, hali ya Amani kabisa. Dar mwezi wa kwanza ni mtihani, liweke chumba chenye hewa, mbali na bati. Wenzetu wa Lushoto, Arusha na Iringa hamna kisingizio.

Nne chombo. Mizizi yake ni mifupi, imezoea udongo kidogo juu ya jiwe. Usilipe ndoo! Linalotambaa lipe chombo kipana kisicho na kina, beseni dogo lililotobolewa linatosha. Na ili lijae, kata ncha ya shina kuu. Ukikata kichwa kimoja linatoa viwili vitatu pembeni, linasambaa, linaanza kuteremka. Majani ya zamani yaliyochoka yatoe.

Tano kuzaa. Hapa ndipo nilipokubali kuwa huu ni mmea wa maskini. Kata jani moja zima na kikonyo chake cha sentimita tatu hivi, lichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, funika na mfuko wa plastiki mwangavu. Baada ya wiki tatu nne linatoa mizizi, na baada ya miezi miwili mitatu utaona vitoto vinachungulia chini ya jani. Jani moja linatosha kuanzisha ukoo. Ndiyo maana lilienea duniani kwa kasi ile, watu walipeana jani tu kama tunavyopeana notsi.

Sasa turudi msituni, maana nilisema tutalirudia shoka.

Mmea huu una udhaifu mmoja mkubwa: hata usipougusa unaweza kuumaliza. Wewe kata miti ya juu tu, mwamba uache kama ulivyo. Jua litaingia, ukungu utakauka, mwamba utapata moto, na ua litakufa bila mtu yeyote kuling'oa. Na Usambara ya Mashariki imekatwa kwa awamu. Kwanza kahawa ya Wajerumani, ambayo haikudumu. Kisha mashamba ya chai. Miaka ya 1970 na 1980 ikaja mbao, ukataji wa mashine uliokuwa na msaada wa Ufini. Wanasayansi wakapiga kelele, ukataji ule ukasimamishwa, na kuanzia 1991 Ufini haohao wakagharimia mradi wa kuuhifadhi msitu. Mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, zaidi ya hekta 8,000, ya kwanza ya aina yake Tanzania. Hilo ni jambo kubwa na wanavijiji wamelilipia, kwa sababu kuna kuni, mbao na mashamba waliyoyaacha. Nje ya hifadhi, mawe yenye kivuli yanazidi kupungua. Lile la Taita lina hali mbaya sana, liko kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini kabisa kutoweka.

Nilipokuwa TP mwaka jana kwenye sekondari moja wilaya ya Muheza, siku ya kipindi cha uchumi wa kikoloni niliwaonyesha kidato cha tatu picha mbili kwenye simu. Ya kwanza katani. Darasa zima, "Mkonge mwalimu!" Ya pili ua hili, la kutambaa, kwenye kikapu kizuri huko Marekani. Kimya. Halafu binti mmoja wa nyuma, anatoka kijiji cha juu huko, akasema, "Mwalimu shikamoo yako sijasahau, ila hilo si la kununua. Liko kwenye mawe pale mtoni tunapochota maji. Mbuzi hawalitaki." Darasa likacheka sana. Nikamwambia aje mbele awaeleze wenzake mawe yale yako wapi, yana kivuli gani, maji yanapita vipi. Akaeleza dakika kumi bila kusimama. Kila kitu nilichosoma kwenye maelezo ya matunzo, yule mtoto alikijua, isipokuwa kitu kimoja tu: kwamba dunia nzima inalitaka ua lile. Hilo hakuna aliyekuwa amemwambia.

Mwaka 1992, miaka mia kamili tangu baroni apeleke furushi lake, nchi zilikutana Rio de Janeiro ukafunguliwa Mkataba wa Bioanuwai. Unasema kila nchi ina haki juu ya mali ya vinasaba iliyo kwenye ardhi yake. Tanzania iliuridhia 1996. Itifaki ya Nagoya ya 2010 ikaongeza jinsi ya kugawana faida. Leo baroni angehitaji kibali na makubaliano. Safi sana, lakini sheria hizo hazirudi nyuma. Kilichotoka 1892 kimetoka, hakuna atakayekuja Muheza na hundi.

Kwa hiyo mimi sidai hundi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na ua hili limecheza kwao miaka yote likaja kutunzwa ugenini. Nadai vitu viwili vilivyo ndani ya uwezo wetu sisi walimu watarajiwa. Cha kwanza ni ukurasa wa pili wa daftari: tukifundisha 1893 tuseme kilichoingia NA kilichotoka, na tuseme kimetoka wapi, Tanga na Usambara, kwa majina. Haihitaji silabasi mpya, ni sentensi mbili tu kwenye kipindi cha katani. Cha pili ni kivuli: mtoto anayechota maji pale mtoni ajue kwamba lile jiwe lina thamani, ili siku mtu akija na msumeno awe na neno la kusema.

Na nyie mtakaolitaka dirishani, tafadhali msiende kung'oa msituni. Kwanza hifadhini hairuhusiwi, pili la mwituni likihamishwa ghafla mara nyingi linakufa. Chukueni jani kwa mtu anayelikuza. Letu limeshatoa vitoto saba, na tayari watu wanne wa block yetu wameweka oda. Mwenzangu anasema jani ni bure, ila kopo uje nalo mwenyewe.

Wenye habari zaidi, hasa wenzangu wa Muheza, Korogwe na Lushoto: kwenu wazee wanaliitaje? Ulizeni bibi zenu mkienda likizo, mniandikie. Ningependa nikipangiwa kituo cha kazi niingie darasani na jina lake la Kisambaa.

Naomba kuwasilisha.